Majani, Nguruwe na Rutuba Inayokimbilia Ziwani

Gugumaji linaloziba bandari ya Kisumu limejengwa kwa rutuba ya mashamba ya watu. Mmea huo wa asili ya Amerika Kusini ulionekana katika Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na kufikia mwaka 1998 ulikuwa umefunika maelfu ya hekta za Ghuba ya Winam, wavuvi wakashindwa kutoa mashua ufuoni na meli zikashindwa kufunga gatini. Mwaka 1997 wataalamu wa Kenya walikuwa wameachilia ziwani aina mbili za fukusi wa jenasi ya Neochetina, wadudu wadogo wanaoishi kwa kula mmea huo, na ndani ya miaka michache ukapungua sana. Haukwisha. Baada ya mvua kubwa za mwishoni mwa 2006 ulisambaa upya, na umekuwa ukirudi tangu hapo, kwa sababu fukusi hula jani na hawagusi kile kinacholisha jani. Nitrojeni na fosforasi zilibaki ghubani. Ziwa kwa jumla lina kina cha wastani wa mita 40, lakini ghuba hii ina wastani wa mita sita hivi, na njia yake kuu ya kubadilishana maji na ziwa ni mlango mwembamba wa Rusinga. Kinachoingia humo hukaa.

Kinachoingia kinatoka wapi? Sehemu moja ni maji taka ya mji na ya viwanda, na hiyo ina dawa yake. Sehemu nyingine, iliyo pana zaidi na ngumu kuishika, huletwa na mito: Nyando, Sondu-Miriu, Kibos na vijito vingi vinavyobadilika rangi kila mvua inaponyesha. Fosforasi hung'ang'ania chembe za udongo, kwa hiyo husafiri pamoja na tope. Anayeyajua makorongo ya Katuk Odeyo huko Nyakach amekwisha kuona jinsi inavyosafiri. Nitrojeni huenda kwa njia mbili, nyingine ndani ya tope na nyingine ikiwa imeyeyuka katika maji kama nitrati, ambayo haionekani kwa macho na huzama chini ya mizizi ya mahindi kabla mahindi hayajaifikia. Mwaka 1993 watafiti wa Kiholanzi wakiongozwa na Smaling walichapisha hesabu ya wilaya ya Kisii ya wakati huo, ambayo maji yake huishia katika ziwa hili hili kupitia mto Kuja. Waliona kwamba kila hekta ilikuwa ikipoteza, kwa mwaka mmoja, kilo 112 za nitrojeni, kilo 2.5 za fosforasi na kilo 70 za potasiamu zaidi ya ilivyokuwa ikipata. Hizo ni hesabu za nyanda zenye udongo mzuri na mvua ya kutosha. Sehemu ya upotevu huo ni mavuno yaliyouzwa, na sehemu kubwa ni mmomonyoko na kuzama kwa nitrati. Hivyo mkulima wa nyanda za juu ananunua mbolea ya DAP kwa bei inayomuumiza, huku jirani yake wa ufuoni akipigana na mmea ulioshiba mbolea hiyo hiyo.

Hoja ninayoitetea hapa ni hii: nyasi na majani ya malisho yakipandwa mahali ambapo rutuba hutorokea, yakakatwa na kulishwa nguruwe waliofungiwa bandani, kisha samadi ikarudishwa juu ya shamba, tunapata mojawapo ya njia chache za kuchelewesha rutuba kufika ghubani ambazo zinajilipia zenyewe. Kila sehemu ya sentensi hiyo ni sharti. Nguruwe haumbi rutuba. Hana uwezo wa kuongeza hata gramu moja ya fosforasi duniani. Anaipokea, anaizuia kidogo mwilini, na nyingine yote anaitoa. Anayenasa ni jani. Kazi ya nguruwe ni kumpa mwenye shamba sababu ya kulikata jani hilo kila siku.

Tuanze basi na jani. Mahindi huishi shambani miezi minne au mitano, na katika wiki za kwanza za mvua, wakati mito inapobeba tope zaidi, mizizi yake ni mifupi na ardhi kati ya mistari iko wazi. Nyasi ya kudumu kama nepia ina mizizi hai mwaka mzima, nayo iko tayari mvua ya kwanza inapoanguka. Ikipandwa kwa kufuata kontua, hupunguza kasi ya maji yanayoteremka, tope likatua hapo na fosforasi yake, na mizizi ikanyonya nitrati iliyokuwa njiani. Wadenmark wamefikia wazo lilo hilo kutoka upande mwingine kabisa. Nchi yao ina nguruwe wengi kuliko watu, na nitrati za mashamba ya nafaka zimekuwa zikiharibu ghuba zao za bahari; kwa hiyo watafiti wa Chuo Kikuu cha Aarhus wamekuwa wakikamua nyasi na klova ili kupata protini ya kulisha nguruwe, wakihesabu kwamba hekta iliyohama kutoka nafaka kwenda nyasi huvujisha nitrati kidogo zaidi. Wao wana mitambo ya kukamua. Ufuo wa Winam hauna, lakini una jambo ambalo Denmark haina: kilimo cha vuta-sukuma, kilichobuniwa katika miaka ya 1990 na timu ya Dakta Zeyaur Khan katika kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe huko Mbita, kwa kushirikiana na kituo cha Rothamsted cha Uingereza. Humo nepia au brakiaria huzunguka shamba ili kuwavuta nondo wa viwavi wanaotoboa mabua, na desmodiamu hupandwa kati ya mistari ili kuwafukuza nondo hao na kulikomesha gugu la striga, ambalo Wajaluo huliita kayongo. Desmodiamu ni jamii ya kunde, kwa hiyo hunasa nitrojeni kutoka hewani. Mkulima wa vuta-sukuma tayari anavuna malisho, atake asitake. Swali lililobaki kwake ni nani atakayeyala.

Jibu la kawaida ni ng'ombe, na ni jibu zuri. Nguruwe huonekana chaguo la ajabu kwa sababu tumbo lake si la kula nyasi. Ng'ombe ana chumba kikubwa mbele ya tumbo ambamo bakteria huvunja nyuzinyuzi kabla chakula hakijafika utumboni, na sehemu kubwa ya nguvu zake hutoka humo. Nguruwe ana bakteria wa namna hiyo pia, ila wanakaa nyuma, katika utumbo mpana, baada ya utumbo mwembamba kumaliza kazi yake. Wanachachusha nyuzinyuzi na kutoa asidi ambazo mwili huzifyonza na kuzichoma kama kuni, na nguruwe anayekua anaweza kupata humo sehemu ya maana ya nguvu anazohitaji ili tu kuishi, ingawa haitoshi kumnenepesha. Protini ambayo bakteria hao hujijengea haimfaidi, kwa kuwa iko nyuma mno kufyonzwa. Hutoka na kinyesi. Jambo hilo la mwisho linaonekana kama hasara, nami nitalirudia baadaye kwa sababu ndilo lenye faida kwa shamba. Uwezo wa utumbo huu huongezeka na umri. Nguruwe mdogo aliyeachishwa ziwa hawezi kitu na nyasi. Jike aliyekomaa, mwenye mimba, anaweza mengi, na tena yeye kwa kawaida hupimiwa chakula ili asinenepe kupita kiasi, kwa hiyo hushinda na njaa, akitafuna vyuma vya banda. Majani humjaza na kumtuliza.

Na majani hayalingani. Nepia iliyoachwa ikapita kichwa cha mtu ina lignini nyingi, na bakteria wa nguruwe hawaiwezi. Atachezea mabua, atayalalia na kuyakanyaga. Ikikatwa ikiwa changa, inapofika magotini hivi, na kukatwakatwa, jike mzima hula majani yake vizuri. Kwa nguruwe anayekua malisho bora zaidi ya ukanda huu ni marando ya viazi vitamu. Yana protini ya karibu asilimia 15 hadi 20 ya uzito mkavu, na protini hiyo ina laisini, asidi-amino ambayo mahindi na pumba zake zina upungufu nayo sana. Kabondo na sehemu nyingine za Rachuonyo katika kaunti ya Homa Bay hulima viazi vitamu kwa wingi, na marando mengi hubaki shambani yakinyauka baada ya mavuno. Katika miaka ya 2010 watafiti wa taasisi za kimataifa za mifugo na viazi walifanya kazi na wafugaji wa Uganda kuyageuza saileji: yanakatwakatwa, yananyaushwa kidogo, yanachanganywa na viazi vibovu vilivyosagwa au molasi, yanashindiliwa katika mifuko ya plastiki bila hewa, na baada ya wiki chache yanakuwa tayari kulishwa hata wakati wa kiangazi. Molasi si ya kutafutwa mbali katika nchi ya miwa ya Muhoroni na Chemelil. Mimea mingine inahitaji tahadhari. Lusina ina sumu ya mimosini, ambayo nguruwe huiweza kidogo tu. Majani ya muhogo yana sianidi, yanafaa yakinyaushwa au kuchachushwa. Desmodiamu ina tanini zinazobana protini, kwa hiyo iwe sehemu ndogo ya mgao.

Hapa mtu wa ufuo wa Dunga, huko Kisumu, atauliza swali ambalo haliepukiki. Kama tatizo ni gugumaji, kwa nini nguruwe wasilishwe gugumaji lenyewe? Wachina walifanya hivyo. Katika miaka ya 1950 na iliyofuata mmea huo ulienezwa kusini mwa China kama chakula cha nguruwe, na katika nchi za Asia ya Kusini-Mashariki wafugaji wadogo bado huuchemsha pamoja na pumba za mpunga. Wazo linavutia, kwa sababu lingetoa rutuba ndani ya ziwa na kuirudisha nchi kavu. Lakini hesabu zinalikataa. Gugumaji bichi ni maji kwa zaidi ya asilimia 90. Tuseme kilo 100 zina kilo sita za kitu kikavu. Nguruwe wa kilo 40 huhitaji karibu kilo moja na nusu ya chakula kikavu kwa siku. Akilishwa gugumaji peke yake, itambidi ale kilo 25 za mmea kwa siku, zaidi ya nusu ya uzito wake mwenyewe, na tumbo lake halina nafasi hiyo. Upande wa mbolea hesabu ni mbaya vilevile. Kitu kikavu cha gugumaji kina nitrojeni ya asilimia mbili hivi, kwa hiyo tani nzima iliyobebwa kutoka majini ina nitrojeni ya kilo moja na kidogo. Mfuko mmoja wa kilo 50 wa mbolea ya CAN una kilo 13. Mtu atabeba tani 10 au 11 za mmea wenye matope ili kupata mfuko mmoja. Tena mmea huu una sifa ya kunyonya madini mazito, na ghuba karibu na Kisumu hupokea maji ya viwandani na ya barabarani. Mizizi yake haifai kabisa kuingia katika mnyororo wa chakula cha binadamu. Na anayeingia majini kuuvuna anasimama kati ya konokono wanaobeba kichocho. Ninaheshimu kazi ya wanaougeuza gugumaji kuwa gesi, mboji na vikapu. Kwa nguruwe, hata hivyo, ni afadhali kuikamata rutuba juu ya mlima, ikiwa ndani ya jani lenye maji machache, kuliko kuifukuzia ziwani.

Twende sasa bandani, kwenye samadi, ambako hoja yote inasimama au kuanguka. Nguruwe wa kawaida hubakisha mwilini karibu theluthi moja ya nitrojeni aliyokula; nyingine hutoka, kwa kawaida zaidi kwa njia ya mkojo, ikiwa katika umbo la urea. Urea ikigusana na kinyesi hugeuka amonia ndani ya saa chache, na amonia huruka. Ile harufu inayochoma macho katika banda bovu ni mbolea inayopaa. Sasa turudi kwa bakteria wa utumbo mpana. Wanapopewa nyuzinyuzi za kuchachusha, huzaliana, na ili wajenge miili yao huvuta urea kutoka kwenye damu ya nguruwe. Nitrojeni ambayo ingetoka kwa mkojo inatoka sasa ndani ya kinyesi, ikiwa imefungwa katika protini ya bakteria, na protini hiyo haigeuki amonia upesi. Majaribio yaliyofanywa Uholanzi katika miaka ya 1990, kwa kutumia masalia ya viazisukari, yalionyesha jambo hilo waziwazi: nyuzinyuzi zilipoongezwa, nitrojeni ya mkojo ilipungua, ya kinyesi ikaongezeka, na amonia iliyoruka ikapungua. Kwa mfugaji wa Nyakach maana yake ni kwamba samadi ya nguruwe anayekula majani huitunza mbolea yake vizuri zaidi kuliko ya nguruwe anayekula pumba na nafaka tupu.

Fosforasi ina kisa chake. Katika nafaka na pumba, karibu theluthi mbili za fosforasi ziko ndani ya kemikali iitwayo faiteti, na nguruwe hana kimeng'enya cha kutosha cha kuifungua. Inampitia tu. Mfugaji anayenunua pumba za mahindi kutoka Kitale au Uganda ananunua, bila kukusudia, fosforasi ambayo nguruwe hataitumia na ambayo itaishia katika samadi. Hilo lina sura mbili. Samadi ikirudi shambani, pumba hizo ni njia ya kuingiza rutuba mpya katika shamba lililochoka, na hapo ndipo majani peke yake hayatoshi, kwa kuwa majani huzungusha kilichopo na hayaongezi. Samadi ikiachwa ielee hadi mtaroni, pumba hizo ni njia ya kuhamisha fosforasi ya Kitale hadi Ghuba ya Winam. Banda lililojengwa kando ya kijito, likioshwa kwa maji kila asubuhi na maji yakaachwa yateremke, linalidhuru ziwa zaidi kuliko kutokuwa na nguruwe kabisa. Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu mabanda ya namna hiyo yapo mengi pembezoni mwa mji, na mafuriko kama yale ya 2020, ziwa lilipofika kimo ambacho hadi wakati huo hakikuwa kimewahi kupimwa, huyafikia hata mashimo ya samadi yaliyodhaniwa kuwa mbali na maji. Sakafu iwe ya saruji na yenye mteremko, matandiko ya majani makavu yanywe mkojo, samadi ifunikwe kwa paa au kwa turubai, na ichimbiwe udongoni siku ile inayotolewa. Samadi inayolala wazi kwenye mvua na jua inaweza kupoteza hata nusu ya nitrojeni yake.

Tupime sasa faida kwa kipimo cha haki. Chukua jike mmoja anayekula kilo mbili za chakula cha kununua kwa siku, pamoja na kilo saba au nane za marando mabichi, yaani kama kilo moja ya kitu kikavu. Kwa mwaka atakula nitrojeni ya kilo 25 hivi, kilo tisa kati ya hizo zikitoka kwenye marando. Watoto wake wataondoka na kilo chache. Kilo 20 zitabaki katika samadi, sawa na mfuko mmoja na nusu wa CAN, na fosforasi ya kilo tano hivi, sawa na nusu ya mfuko wa DAP. Shamba la ekari mbili linalopoteza kwa kiwango kilichopimwa Kisii hupoteza kilo 90 za nitrojeni kwa mwaka. Kwa hiyo jike huyo, samadi yake ikitunzwa vizuri, harudishi hata robo. Anayeuza wazo hili kama dawa ya kumaliza kila tatizo la udongo anadanganya. Lakini kazi kubwa zaidi haimo katika kilo hizo 20. Imo katika mstari wa nyasi uliozuia tope lisiondoke, na mstari huo hautadumu usipokuwa na mlaji.

Hapo nakutana na pingamizi lenye uzito kuliko yote: kama jani ndilo linalonasa, kwa nini lisikatwe na kutandazwa moja kwa moja shambani kama matandazo, au kuozeshwa kuwa mboji, bila kumpitisha nguruwe anayeifanya nitrojeni iruke? Kwa kemia peke yake, pingamizi hilo ni sahihi. Kila kiumbe anayewekwa katikati hupunguza. Ila mstari wa nyasi huchukua ardhi, na kuukata huchukua mgongo wa mtu, mara nyingi mgongo wa mama au wa mtoto aliyetoka shule. Miradi mingi ya kuhifadhi udongo imepanda nyasi kwenye kontua katika bonde la Nyando, na nyasi zisizo na matumizi ya kila siku hung'olewa, huchungiwa hadi mzizi au huachwa zikazeeka. Mboji hulipa baada ya msimu, na hulipa kwa magunia ambayo hayaonekani dhahiri kuwa yametoka kwenye mboji. Nguruwe hulipa kwa fedha zinazohesabika, na hulipa upesi: mimba yake ni miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu, na jike aliyetunzwa huzaa watoto wanane, kumi au zaidi kwa mkupuo. Ng'ombe wa maziwa hulipa vizuri zaidi kwa kila mzigo wa nyasi, nami ningemshauri mwenye uwezo wa kumnunua afuge ng'ombe. Lakini bei ya mtamba mmoja wa maziwa inanunua nguruwe kadhaa, na shamba la ekari moja halina nyasi za kumshibisha. Nguruwe watatu wanaoongezewa majani juu ya pumba, machicha na masalia ya jikoni wanaingia katika shamba hilo.

Kuna hesabu nyingine inayomtetea nguruwe, nayo husahauliwa. Nguruwe wa kilo 90 akiuzwa, anaondoka shambani na nitrojeni ya kilo mbili na robo hivi, na fosforasi ya karibu nusu kilo. Magunia mawili ya mahindi ya kilo 90 yanaondoka na kiasi hicho hicho. Bei ya nguruwe huyo ni mara kadhaa ya bei ya magunia mawili. Kwa kila shilingi inayoingia, basi, shamba linalouza nguruwe linauza udongo wake kidogo kuliko shamba linalouza mahindi. Ni kweli kwamba nguruwe anayekula majani mengi hukua polepole, na mnunuzi hamsubiri. Ndiyo maana mgao wa anayekua usizidi sehemu ndogo, tuseme sehemu moja ya majani kwa tano au sita za chakula kikavu, na wingi wa majani uende kwa majike wenye mimba. Jike anayenyonyesha naye apewe chakula kizito, kwa sababu maziwa hayasubiri uchachushaji. Majani hayo yakiingiza laisini katika mgao, yanapunguza pia hitaji la omena katika chakula cha mifugo, na samaki huyo ana kazi muhimu zaidi katika sahani za watoto wa Kisumu.

Magonjwa hayawezi kuachwa nje. Homa ya nguruwe ya Afrika ilielezwa kisayansi kwa mara ya kwanza duniani kutokana na visa vya Kenya, katika makala ya Montgomery ya mwaka 1921, na kwenye mpaka wa Busia bado huzuka mara kwa mara. Hakuna tiba, na banda zima hufa kwa siku chache. Huko Ulaya Mashariki imeonekana kwamba nyasi mbichi zilizokatwa mahali wanapopita nguruwe-mwitu zinaweza kuingiza virusi bandani, na Umoja wa Ulaya unataka nyasi za maeneo hayo zihifadhiwe angalau siku 30 kabla ya kulishwa. Kwetu hatari inayolingana na hiyo ni nyasi za mahali ambapo nguruwe wa majirani huzurura. Wanazurura kweli. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, ambapo nguruwe wa magharibi mwa Kenya walivalishwa vifaa vya GPS, uliwakuta wakitembea zaidi ya kilomita nne kwa saa 12 na kukaa nje ya boma lao karibu nusu ya muda. Nguruwe wa namna hiyo hupata tegu kwa kula kinyesi cha watu, na tegu huyo, mayai yake yakimwingia binadamu, huweza kuota kwenye ubongo na kuleta kifafa. Wala samadi yake haimfaidi mfugaji, kwa maana anaisambaza nusu siku katika mashamba ya wengine. Kumfungia ndiko kunakokata tegu, ndiko kunakopunguza homa, na ndiko kunakokusanya samadi mahali pamoja. Watu huacha kuwafungia kwa sababu aliyefungiwa ni lazima aletewe chakula, na chakula cha kununua ni ghali. Majani yaliyokatwa kwenye shamba la mwenyewe, mbali na vyoo vya porini, na kutiwa katika saileji mwezi mzima kabla ya kulishwa, yanapunguza gharama hiyo na hatari ile ya virusi kwa pamoja.

Si kila boma litamtaka nguruwe. Waislamu wa Kisumu hawamfugi, na Kanisa la Waadventista Wasabato, lililopo kusini mwa ghuba tangu misheni ya Gendia ya mwaka 1906, huwafundisha waumini wake kujitenga naye. Hao wana mbuzi wa maziwa, ng'ombe na sungura wa kulisha nyasi zile zile za kontua, na hoja ya nyasi haibadiliki hata kidogo. Pia mfumo huu hautasafisha maji taka ya Kisumu, wala hautaondoa fosforasi iliyokwisha kulala katika tope la ghuba kwa miaka mingi. Kwa hiyo fedha za kaunti zikitafuta pa kuanzia, zisianzie ufuoni, ambako mabanda yanahatarisha maji. Zianzie kwenye miteremko ya Nyakach na mabonde ya juu ya Nyando, kwa mashamba ambayo tayari yana nguruwe wanaozurura na makorongo yanayokua: ruzuku ya saruji ya sakafu moja, vipando vya nepia na marando ya kutosha kontua mbili, mifuko ya saileji, na daktari wa mifugo anayefika. Mbegu na saruji hutolewa mara moja. Daktari ndiye atakayehitaji bajeti ya kila mwaka, na bila yeye mlipuko mmoja wa homa utawafanya wakulima wang'oe nyasi na kurudisha mahindi hadi ukingoni mwa mto.